Uzito kupita kiasi: mama anapoketi mbele ya munganga

(Mhadhara kwa madaktari na wauguzi wa vituo vya afya, Lubumbashi)

Wenzangu wa komini zetu za Katuba, Kenya na Ruashi, jambo sana.

Hapa kwetu mtu akinenepa tunampongeza: maisha yamemkubali. Akikonda, majirani wanaanza kunong'ona juu ya UKIMWI. Sasa wewe unamwambia mama, "punguza kilo." Unadhani amesikia nini? Mimi huanza kwa kuomba ruhusa: "Mama, tunaweza kuongea kidogo juu ya uzito wako?" Akikataa leo, simlazimishi.

Hesabu ya uzito kwa urefu (BMI) mnaijua: kilo, gawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Ni ya Mbelgiji Adolphe Quetelet, tangu 1832. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kutibiwa. Lakini Quetelet alikuwa mtu wa takwimu, si daktari, na namba yake haitofautishi misuli ya mbeba magunia na mafuta ya tumboni. Chukueni futi ya fundi cherehani: kiuno kikizidi nusu ya urefu, hatari ya kisukari na presha imepanda. Presha yenyewe ipimeni kwa mkanda mpana. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, na mtu anaanzishiwa dawa bure.

Kisha ulizeni anameza nini. Hapo ndipo tunapozembea. Tunakimbilia kulaumu bukari (ugali), tunasahau dawa zinazonenepesha. Kuna sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, kuna insulini, kuna dolutegravir, dawa ya virusi vya UKIMWI. Na kuna vidonge vya kunenepesha, deksamethazoni na siproheptadini, wanavyonunua akina dada bila karatasi ya daktari. Ulizeni bila kukunja uso, la sivyo watawaficha. Uso wa mviringo, michirizi ya zambarau tumboni, mikono na miguu iliyokonda: shukuni deksamethazoni. Aliyeimeza kwa miezi msimwambie aache kesho asubuhi! Tezi zilizo juu ya figo zimelala. Anaweza kuzimia, hata kufa. Ishusheni polepole.

Matibabu mengine hayana maajabu. Mama wa kilo 90 akipunguza 4 na nusu, yaani asilimia 5, presha na sukari kwa kawaida huanza kushuka. Bukari simkatazi (nani angenisikiliza?), ila donge linapungua, sombe (majani ya muhogo) inaongezeka ila mawese yake yawe kidogo, na sukre (soda) ya kila siku inaondoka. Anarudi kila mwezi. Na mizani ikae nyuma ya pazia, si mbele ya foleni nzima.