Mzigo wa Nomino: Kirai Nomino katika Kiingereza cha Mdomoni na cha Maandishi

Ndugu zangu wapenda lugha, asanteni kwa kufika.

Naomba nianze na sentensi mbili za Kiingereza zinazoeleza jambo moja. Ya kwanza: "They suddenly decided to close the bridge, and people got really angry." Ya pili: "The sudden decision to close the bridge provoked widespread public anger." Hata bila kuambiwa, mnahisi kwamba ya kwanza imetoka mdomoni na ya pili imetoka kwenye karatasi. Mmejuaje? Nikiuliza hivi darasani, wengi hujibu kwamba ya pili ina maneno magumu. Siridhiki na jibu hilo, kwa sababu "decision" na "anger" anayajua karibu kila mwanafunzi. Kilichobadilika ni mahali mzigo ulipotuliwa. Katika ya kwanza, mambo yamebebwa na vitenzi: waliamua, wakafunga, watu wakakasirika. Katika ya pili, kitenzi "provoked" ni kamba tu inayofunga mafurushi mawili makubwa, moja kila upande. Kila furushi ni kirai nomino.

Kirai nomino ni nomino pamoja na yote yanayoitegemea. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaanza na neno kuu: tukisema "masanduku yale mawili makubwa ya mbao", msikilizaji anajua tangu neno la kwanza kwamba tunazungumzia masanduku, na kila linalofuata linakuja na upatanisho wake mkononi. Mwingereza anasema "those two big wooden boxes". Maneno manne yamepita kabla kitu chenyewe hakijatajwa, na msikilizaji ameyashika yote hewani akisubiri. Vitangulizi vikiisha na neno kuu likafika, bado mlango wa nyuma uko wazi: virai vyenye vihusishi (kama "on the bus") na vishazi rejeshi (kama "who works at the hospital") huingilia huko.

Sasa tazameni kirai hiki cha ripoti: "water supply pipe repair costs". Nomino tano zimepangwa foleni, hakuna kiungo hata kimoja. Kiswahili chake ni "gharama za ukarabati wa bomba la usambazaji wa maji". Ni foleni ileile iliyogeuzwa nyuma mbele, neno kwa neno, ila sisi tumeweka za, wa, la na wa. Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu waanze kusoma virai vya namna hii kutoka mwisho.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba kiunganishi chetu cha -a kinaeleza kila kitu. Mafuta ya alizeti yametoka kwenye alizeti. Mafuta ya nywele hayakutoka kwenye nywele. Uhusiano ule tunaujua kwa sababu tunaijua dunia. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo na "sunflower oil" na "hair oil", kisha kinakwenda mbali zaidi, kinarundika nomino tatu, nne, tano, na kila moja inamtaka msomaji awe anajua tayari.

Tumeyajuaje haya kwa uhakika? Kwa muda mrefu sarufi za Kiingereza zilitazama zaidi maandishi. Mwaka 1959 mwanaisimu Randolph Quirk alianzisha mradi wa kukusanya Kiingereza kinavyotumika kweli, ambao baadaye ulikaa University College London. Lengo lilikuwa maneno milioni moja, nusu ya mdomoni, nusu ya maandishi. Fikirini kazi ile: kurekodi watu wakiongea, kisha kuandika kila neno, kila kusita. Miaka 40 baadaye, mwaka 1999, mwanaisimu Douglas Biber na wenzake wanne walitoa kitabu cha sarufi kilichotegemea korpasi, yaani mkusanyo wa matini halisi, ya maneno takriban milioni 40, wakilinganisha mazungumzo, riwaya, magazeti na maandishi ya kitaaluma. Kuhusu kirai nomino walionyesha jambo ambalo bado linanishangaza: katika mazungumzo, ni kama asilimia 15 tu ya virai nomino vilivyo na kivumishi au maelezo yoyote mbele au nyuma ya neno kuu. Katika maandishi ya kitaaluma ni kama asilimia 60.

Maana yake, anayeongea Kiingereza kwa sehemu kubwa anasema "she", "it", "that", "the car", basi. Anaweza kwa sababu mwenzake yuko mbele yake, wanaona vitu vilevile, wamekwisha kutajiana watu wale. Tena hana nafasi: sentensi inajengwa huku inatamkwa. Akihitaji kueleza mtu mpya, hamfungi kwenye furushi. Anasema, "I've got this friend, she works at the hospital, she told me..." Anamtaja kwanza, anamweka mezani, kisha anaongeza habari kidogo kidogo kwa vishazi vifupi. Mwandishi ataandika "A friend who works at the hospital told me". Habari ni ileile, ila sasa yote imo ndani ya kiima.

Vilevile Mwingereza akiongea husema "That chair in the corner, it's broken", au akageuza: "It's broken, that chair." Walimu wengi huifuta sentensi hii kwa wino mwekundu, wakisema kiima kimerudiwa. Katika insha, sawa. Katika maongezi ni njia halali kabisa ya kumpa msikilizaji kitu kwanza na habari yake baadaye. Sisi hatuioni ajabu, maana "kile kiti cha pembeni, kimevunjika" kina ki- kwenye kitenzi hata hivyo.

Mahali pa kirai napo pana sheria yake. Mwaka 1971 Flor Aarts alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba virai vyepesi hupenda kukaa nafasi ya kiima na vizito husogea upande wa pili wa kitenzi. Msikilizaji anataka kufika kwenye kitenzi mapema. Linganisheni "That nobody had told the people living beside the river worried her" na "It worried her that nobody had told the people living beside the river". Ya kwanza ni sahihi, lakini ukiitamka mbele ya watu utawaona wakikutazama tu, wakingoja kujua umefika wapi. Hapa ndipo wengi wetu tuliojifunza Kiingereza vitabuni tunapoteleza: tunaongea kwa viima vya maandishi, na tunashangaa kuombwa turudie ilhali matamshi yetu hayana kasoro.

Msidhani lakini kwamba kuandika, kwa asili yake, lazima kuwe hivyo. Biber na Bethany Gray wamefuatilia maandishi ya kitaaluma kwa karne kadhaa. Zamani yalirefuka kwa vishazi, kishazi ndani ya kishazi. Mrundikano wa nomino juu ya nomino umeshamiri hasa katika karne ya 20. Ni mazoea, na waliyazoea kwa sababu: yanaokoa nafasi, na mtaalamu anamsoma mtaalamu mwenzake.

Gharama inamwangukia asiye mtaalamu. Chukueni "the man on the bus with the umbrella". Mwavuli ni wa nani? Kiswahili kinaamua kwa silabi moja: "mtu aliye kwenye basi mwenye mwavuli", na laiti ungekuwa wa basi tungesema "lenye". Kiingereza hakina ngeli za kumsaidia msomaji. Msomaji anabaki na mpangilio wa maneno na akili yake tu. Na pale kitenzi kinapogeuzwa nomino, kinachopotea ni kikubwa kuliko mwavuli. Mwanaisimu Michael Halliday alilieleza jambo hili kwa kina: tukio linageuzwa kitu, na kitu hakihitaji mtendaji. Rudini kwenye daraja letu. Katika sentensi ya mdomoni kuna "they". Unaweza kuuliza, hao ni akina nani? Katika "the sudden decision" hayupo mtu wa kumuuliza. Hakuna kosa la sarufi hata moja, na aliyeamua ametoweka.

Kwa hiyo zoezi ninalowapa wanafunzi wangu ni hili. Chukua sentensi moja ya ripoti, msomee mwenzako kwa sauti, mara moja tu. Mwambie akunyooshee mkono pale anapopotea. Mahali pale, tafuta nomino iliyotokana na kitenzi, irudishe kuwa kitenzi, kisha mtafutie mtendaji wake. "The pipe repair cost dispute" itafunguka kuwa mtu fulani alikarabati bomba, mtu fulani anadaiwa, na mtu fulani anakataa kulipa. Majina ya hao watatu mara nyingi hayamo popote kwenye ukurasa.