Nani Amlipe Mwalimu wa Ngoma?

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Zuhura, na ng'ambo ya meza yupo kaka yangu Idi na kikokotoo chake.

IDI: Hakijawahi kunisaliti, dada. Habari zenu huko mliko.

ZUHURA: Leo tunazungumzia miradi ya mtaani inayochanganya mambo mawili: madarasa ya ngoma na dansi kwa wakazi, pamoja na mafunzo ya kugeuza upishi wa nyumbani kuwa biashara. Idi alipoiona mada hii alicheka.

IDI: Sikucheka, niliguna. Nimeguna kwa sababu ngoma kwenye miradi hii mara nyingi ni ya siku ya uzinduzi tu. Mgeni rasmi anafika, watu wanacheza, picha zinapigwa, chakula kinaliwa bure. Wiki inayofuata mpishi anarudi kuuza kwa majirani walewale, kwa bei ileile inayomtia hasara. Sasa niambie, ngoma imemsaidia nini?

ZUHURA: Hiyo si ngoma, hilo ni pambo. Mimi nazungumzia darasa lenye ratiba, mwalimu na mahudhurio. Chukua kambi za AileyCamp kule Marekani. Ya kwanza ilifanyika Kansas City mwaka 1989, kwa wazo la mcheza dansi Alvin Ailey. Ni wiki 6 za likizo, watoto wa miaka 11 hadi 14, bila ada. Na shabaha haikuwa kutengeneza wacheza dansi wa kulipwa. Mtoto anajifunza hatua, anajifunza kuandika na kujieleza, na anapewa chakula palepale kambini.

IDI: Ahaa, kumbe chakula kilikuwamo tangu zamani.

ZUHURA: Kilikuwamo! Aliyeanzisha kitu hicho alijua kwamba mtoto hawezi kuruka na tumbo tupu. Halafu huko New York kuna National Dance Institute, iliyoanzishwa na Jacques d'Amboise mwaka 1976. Wao waliingia ndani ya shule za kawaida, hawakusubiri wazazi walete watoto studio. Ukitaka kumfikia mkazi, mfuate alipo.

IDI: Haya, hao ni watoto. Mimi nataka mtu mzima mwenye sufuria.

ZUHURA: Tunamfikia. Ila kwanza nikupe utafiti mmoja, kwa sababu najua hukubali bila namba. Mwaka 2015 Bronwyn Tarr na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Brazili, kwa wanafunzi 264 wa sekondari. Waliwachezesha katika vikundi vidogo. Wengine walicheza hatua moja kwa wakati mmoja, wengine kila mtu na hatua zake. Wengine kwa nguvu, wengine kwa utulivu wakiwa wamekaa. Baada ya hapo wakawavisha mkononi ile mikanda ya kupimia presha, wakaijaza hewa taratibu mpaka mtu aseme "basi, inauma".

IDI: Ala! Wakawabana watoto wa watu?

ZUHURA: Wakawabana kidogo tu. Waliocheza kwa pamoja walivumilia maumivu zaidi, na wakasema wanajihisi karibu zaidi na wenzao wa kikundi. Na hata wale waliokaa na kutumia mikono tu walinufaika, mradi walikwenda sawa. Kwa hiyo jasho lina kazi yake, na kwenda pamoja kuna kazi yake, kila kimoja kwa upande wake.

IDI: Nimeelewa unakoelekea. Unataka kusema watu wanaocheza pamoja kwa miezi kadhaa wataaminiana, halafu wataweza kukopeshana.

ZUHURA: Na kushika zamu ya jiko moja bila kugombana. Hapo ndipo miradi mingi ya chakula inapovunjika. Wala si kwenye mapishi.

IDI: Hapo kwenye jiko niachie mimi. Msikilizaji, mpishi wa nyumbani anayetaka kuuza kihalali anakutana na ukuta mmoja: jiko lenye leseni. Sinki la kunawia mikono peke yake, sinki la vyombo, sakafu inayosafishika, jokofu lenye kipimajoto, mkaguzi wa afya anayeingia bila taarifa. Kujenga jiko hilo kunakula mtaji wote kabla hujauza sahani moja. Ndiyo maana yakaja majiko ya pamoja, ambapo unalipia saa. Mfano unaotajwa sana ni La Cocina, San Francisco, iliyoanza 2005. Wao hulenga hasa wanawake wa kipato kidogo, wengi wao wahamiaji. Unapata saa za jiko kwa bei nafuu, unapata mtu wa kukukalisha chini na hesabu zako, halafu unatarajiwa ukikua uondoke, umwachie mwingine nafasi.

ZUHURA: Kuondoka ni sharti?

IDI: Ndiyo moyo wa mpango wenyewe. Jiko la pamoja likijaa watu wasioondoka, linakuwa klabu. Na nikuambie jambo ambalo wanaoandika maombi ya ufadhili hawalioni. Wote wanahesabu majiko na oveni. "Tuna oveni 4, basi tutahudumia wapishi 20." Kumbe kinachoisha kwanza ni baridi. Kila mpishi ana nyama yake, maziwa yake, unga alioukanda jana unaotaka kulala kwenye jokofu. Oveni utaipangia zamu hata ya saa 9 usiku. Rafu ya friza huwezi kuipangia zamu, kitu kikikaa kimekaa.

ZUHURA: Na usafi?

IDI: Usafi ni ugomvi wa pili. Umelipia saa 3, umepika mpaka dakika ya mwisho, anayefuata anakuta mafuta sakafuni. Jiko linaloendeshwa vizuri linahesabu muda wa kusafisha ndani ya saa zako, tena linaliandika hilo tangu siku ya kwanza. Halafu kuna joto. Shirika la Afya Duniani lina kanuni zake 5 za chakula salama, na kuhusu joto zinasema hivi: pika mpaka katikati pafike nyuzi 70, cha moto kikae juu ya 60, cha baridi chini ya 5, na kilichopikwa kisizidi saa 2 nje kwenye joto la kawaida. Mpishi mzuri sana wa nyumbani anaweza kuwa hajawahi kushika kipimajoto maishani. Anapima kwa harufu. Kwa watu 6 inatosha. Kwa sherehe ya watu 200, na chungu kilichochukua saa 5 kupoa, haitoshi.

ZUHURA: Lakini si kila sehemu lazima uanze na jiko la leseni.

IDI: Kweli. California, kwa mfano, tangu 2013 sheria inaruhusu mtu kuuza kutoka jikoni kwake vile vitu visivyoharibika haraka: mikate mikavu, jemu, viungo vilivyokaushwa. Mwaka 2018 wakapitisha sheria nyingine ya milo kamili ya nyumbani, kila kaunti iamue yenyewe kama inakubali. Mwanzoni kikomo kilikuwa milo 30 kwa siku na 60 kwa wiki. Sasa piga hesabu: 60 kwa wiki inakupa mafunzo na wateja wa mwanzo. Kulea familia kwa hiyo peke yake ni vigumu.

ZUHURA: Na bei mtu anapangaje?

IDI: Vibaya! Anauliza jirani anauzaje, anapunguza kidogo. Kwenye biashara ya migahawa kuna kadirio la zamani kwamba viambato visizidi karibu asilimia 30 ya bei ya kuuzia. Mpishi mgeni akisikia hivyo anaona ni dhuluma, kuuza mara 3 ya gharama. Mkalishe aandike: gesi, chombo cha kufungashia, kifuniko chake, lebo, nauli, vile alivyoonjesha watu, vile vilivyoungua, saa za jiko. Mwisho muulize, na saa zako wewe? Ananyamaza. Huyo amekuwa akijifanyisha kazi bure, na anaita faida.

ZUHURA: Sasa nirudishe ngoma. Huyo mpishi ana watoto. Zamu yake ya jiko ni saa 10 jioni hadi 1 usiku. Watoto wako wapi?

IDI: Hapo sasa.

ZUHURA: Wako ukumbi wa pili, kwenye darasa la dansi. Ratiba mbili zimepangwa zifanane. Mradi uliofanya jambo hilo dogo umeondoa sababu kubwa inayowafanya wanawake waache mafunzo katikati.

IDI: Vizuri kabisa! Basi tuandike darasa la ngoma chini ya malezi ya watoto, fedha zitapatikana haraka.

ZUHURA: Hapana, kaka. Hapo ndipo tunapokosana mimi na wewe. Ukimwandika mwalimu wa ngoma kama mlezi, utamlipa kama mlezi msaidizi, na utamwajiri mtu yeyote mwenye spika. Mwalimu wa kweli anajua mtoto wa miaka 9 asipigishwe miruko mingi kwenye saruji tupu, magoti na mifupa ya mbele ya mguu itamuuma. Anataka sakafu ya mbao yenye kubonyea kidogo. Anajua kumrudisha mstari wa mbele yule anayejificha nyuma. Hiyo ni taaluma.

IDI: Sibishani na taaluma. Nauliza mfuko upi.

ZUHURA: Mfuko wa mradi, mstari wake mwenyewe kwenye bajeti, kama anavyolipwa mshauri wa hesabu. Mbona yeye hatuulizi mfuko upi?

IDI: Kwa sababu mshauri wa hesabu namwona kwenye mauzo.

ZUHURA: Na mwalimu namwona kwenye mahudhurio. Watu wazima pia wanacheza, usisahau. Pale Brooklyn, New York, kikundi cha dansi cha Mark Morris kilianza 2001 madarasa ya dansi kwa wagonjwa wa Parkinson, yale maradhi ya kutetemeka mwili, na walimu ni wacheza dansi wenyewe. Hawakuyaita tiba ya viungo. Waliyaita dansi, na watu wakaja kama wanafunzi. Mtu anayeaibika kwenda "semina ya ujasiriamali" ataingia kwenye dansi bila wasiwasi. Huko ndiko utakakosikia kwamba anapika.

IDI: Hilo la kuingilia mlango wa dansi nalikubali. Lakini niweke wazi upande wa hatari, maana tusije tukawauzia watu ndoto. Kuna uvumi kwamba migahawa 9 kati ya 10 hufa mwaka wa kwanza. Si kweli. H. G. Parsa na wenzake walifuatilia migahawa ya Columbus, Ohio, wakachapisha mwaka 2005: karibu 26 kwa kila 100 ilifungwa mwaka wa kwanza, na baada ya miaka 3 ilikuwa karibu 60. Ni afadhali kuliko uvumi, ila bado ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo mradi unaojisifu kwa idadi ya waliohitimu, mimi nauliza: wangapi wanauza mwaka wa tatu?

ZUHURA: Hata walio wazuri huanguka.

IDI: Hata wao. La Cocina haohao walifungua soko la vyakula mwaka 2021, kwenye jengo lililokuwa posta, mtaa wa Tenderloin. Wapishi wanawake, vibanda vizuri, magazeti yakasifu. Mwaka 2023 likafungwa kwa umma. Korona ilikuwa imeziacha ofisi za katikati ya jiji tupu, na mlo wa mchana wa siku za kazi unategemea wenye ofisi. Chakula hakikuwa na kasoro. Wapita njia ndio waliopungua.

ZUHURA: Na mimi hapo nasema: mradi wenye darasa la jioni una watu wenye njaa wanaotoka saa ileile kila wiki. Wazazi, wachezaji, waliokuja kutazama.

IDI: Ni watu 40, Zuhura. Si soko hilo.

ZUHURA: Ni wateja 40 wa kwanza, watakaokwambia usoni kwamba chumvi imezidi.

IDI: Haya. Tuna swali la msikilizaji: "Nina akiba kidogo, ninunue oveni kubwa au nilipie saa za jiko?" Mpenzi msikilizaji, lipia saa. Oveni haimrudishii mtu fedha kama bidhaa haijapata mnunuzi wa mara ya pili. Uza kwa miezi michache, andika kila siku kilichobaki bila kuuzwa. Na kabla ya kutia sahihi pale jikoni, omba uoneshwe friza, rafu yako ni ipi na ina kufuli au haina.

ZUHURA: Na uliza watoto watakuwa wapi wakati unapika.

IDI: Na mwalimu wao analipwa na nani.

ZUHURA: Umeniibia swali langu! Sisi tunaishia hapo. Tuandikieni, hasa ninyi mnaofundisha dansi kwenye miradi ya namna hii, mtuambie mnalipwaje.