Mawe ya kusagia kwenye sakafu ya abate

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi ni Zuhura, na huyu hapa ni Deo, ambaye wiki nzima amenisumbua kwa meseji za usiku kuhusu mawe ya kusagia.

DEO: Usiku ndio napata nafasi ya kusoma, dada. Na mawe yenyewe utayapenda.

ZUHURA: Haya, mawe ya wapi?

DEO: Ya St Albans, Uingereza, kaskazini kidogo ya London, karne ya 14. Ulikuwa mji wa abasia ya Wabenedikto, monasteri ya watawa inayoongozwa na abate. Na nikisema "wa abasia" namaanisha mali yao kabisa. Mimi nimekulia Songea, Peramiho si mbali, kwa hiyo nikisikia abate na Wabenedikto akili inakimbilia kengele, shule na hospitali. Huyu abate wa St Albans alikuwa pia mwinyi. Ardhi yake, mahakama yake, mashine ya kusaga yake.

ZUHURA: Mashine? Karne ya 14?

DEO: Kinu cha maji. Mto unazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha jiwe. Nafaka yako lazima uipeleke huko, na unaacha sehemu kama ushuru.

ZUHURA: Kama tunavyokwenda mashineni, ila huchagui mashine.

DEO: Huchagui, na kusaga nyumbani ni marufuku. Sasa wenyeji wakakaidi, wakawa na mawe yao ya mkono majumbani. Akaja abate mmoja, Richard wa Wallingford, aliyeongoza abasia kuanzia 1327 hadi 1336. Mtu mwenye akili ya ajabu, alibuni saa kubwa ya kuonyesha mwendo wa jua na mwezi. Na baba yake alikuwa mhunzi, sikiliza hilo.

ZUHURA: Mtoto wa mhunzi. Basi angewaonea huruma.

DEO: Akayanyang'anya mawe yote. Wala hakuyatupa. Akayajengea sakafu kwenye chumba cha maongezi cha watawa.

ZUHURA: Ili yakanyagwe!

DEO: Na kila anayeingia pale ayaone. Mwenyeji umekuja na shida yako, umesimama juu ya jiwe la mama yako, unamwamkia abate.

ZUHURA: Mungu wangu. Na haya tunayajuaje?

DEO: Watawa wenyewe wameandika. Abasia ile ilikuwa na desturi ndefu ya kuandika tarihi: mwaka baada ya mwaka, wafalme, mvua, vita, njaa, nani kaidhulumu abasia. Mwandishi wetu anaitwa Thomas Walsingham. Alikuwa mtawa wa hapohapo, akasimamia chumba cha kunakilia vitabu. Anaandika kwa Kilatini kizuri, na wakulima anawachukia kupita kiasi.

ZUHURA: Kwa nini hasa?

DEO: Kwa sababu ya 1381. Serikali ya mfalme ilikuwa na vita na Ufaransa, hela imekwisha, ikaleta kodi ya kichwa. Ya mwaka 1377 ilikuwa peni 4. Ikaja hii ya mwisho: peni 12 kwa kila mtu aliyezidi miaka 15.

ZUHURA: Mara tatu.

DEO: Mara tatu. Na hapa wanaosoma jamii za kale wanafurahi, kwa sababu daftari za kodi zipo. Mwaka 1377 wameandikwa walipa kodi zaidi ya milioni 1.3. Mwaka 1381 hawafiki 900,000.

ZUHURA: Ugonjwa?

DEO: Hapana, tauni kubwa ilishapita 1348 na 1349. Watu wamefichwa. Ukifuatilia majina, wanaopotea zaidi ni wanawake wasio na waume: dada, shangazi, binti mkubwa wa nyumbani.

ZUHURA: Bibi alikuwa akisimulia wanaume wa kijijini kwao walivyokuwa wakilala porini mtoza kodi ya kichwa akitajwa. Kumbe wenzetu walificha mashangazi.

DEO: Ndiyo hivyo. Serikali ikatuma wakaguzi, na mwezi Juni kukawaka uasi wa wakulima. Watu wa mikoa ya Essex na Kent wakaingia London, wakamkata kichwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Walsingham anasema kelele zao zilikuwa kama za tausi wa kishetani.

ZUHURA: Tausi! Amekosa mnyama mwingine?

DEO: Ukiwahi kumsikia tausi akilia alfajiri utamwelewa. Ila kuna sentensi yake nyingine mimi ndiyo iliyonikamata. Anasema siku zile ilikuwa hatari kujulikana kuwa karani, na hatari zaidi kukutwa na kidau cha wino kiunoni. Wa namna hiyo walipona kwa shida au hawakupona kabisa.

ZUHURA: Kwa kosa la wino?

DEO: Wino ndio uliowaweka utwana. Deni, faini, nani mtwana na nani mtu huru, vyote viko kwenye magombo ya ngozi nyumbani kwa kabaila. Huko vijijini walikuwa wanachoma magombo.

ZUHURA: Wanajua cha kuchoma. Turudi kwenye mawe.

DEO: Katikati ya Juni watu wa St Albans wanarudi kutoka London na barua ya mfalme, kijana Richard wa Pili, ya kumwamuru abate awape hati za haki zao. Kiongozi wao ni mwenyeji wa mji, William Grindcobbe. Wanaingia abasiani, moja kwa moja hadi chumba kile. Wanayang'oa mawe, wanayabeba nje, wanayavunja vipande vidogo, kila mtu anapewa chake. Walsingham anasema: kama mkate uliobarikiwa unavyogawiwa kanisani Jumapili.

ZUHURA: Hapo mimi simwamini. Huyo ni mtawa mwenye hasira, anataka msomaji aone wamekufuru. Kawavika ukafiri.

DEO: Nilidhani hivyo pia. Lakini hasemi Ekaristi, ule mkate mtakatifu wa misa yenyewe, dada. Angetaka kuwapaka kufuru, Ekaristi ilikuwa palepale mkononi. Anasema ule mkate wa kawaida, uliokuwa ukibarikiwa na kugawanywa baada ya misa. Na mkate huo ulitoka majumbani, kaya kwa zamu.

ZUHURA: Ngoja. Mkate unatoka nyumbani kwako, lakini unga wake...

DEO: Umesagwa kwa abate.

ZUHURA: Aisee.

DEO: Ndiyo maana nadhani aliona kitu halisi, au kaambiwa na aliyeona. Hata sababu anaitaja: ili wakitazama vipande wakumbuke kwamba wamelipiza ile kesi ya zamani. Anawachukia, na bado kaandika walichokuwa wanafikiri.

ZUHURA: Mimi nabaki na shaka yangu. Mwandishi hodari anajua mfano mzuri ukimjia. Ninachokubali ni mawe, kwa sababu aibu ile ni ya abasia, asingeitunga.

DEO: Sawa, tugawane hapo. Nikuongeze moja? Hati za abate walizichoma sokoni, penye msalaba. Muda huohuo wanadai hati nyingine, ya zamani za Mfalme Offa, ambayo walisikia kwamba ina herufi kubwa za dhahabu na za samawati, kwa kupokezana.

ZUHURA: Ipo?

DEO: Abate anasema hajawahi kuiona. Wao wanaamini imefichwa. Offa ni mfalme wa karne ya 8, huyo ndiye aliyetajwa kuwa mwanzilishi wa abasia. Kwa hiyo vizazi kwa vizazi watu wasiosoma Kilatini wamekuwa wakisimuliana mpaka rangi za wino.

ZUHURA: Na mwisho wao?

DEO: Mbaya. Mwezi Julai mfalme akaja St Albans na jaji wake mkuu, Tresilian. Padre John Ball, yule aliyewahubiria waasi, kanyongwa hapo tarehe 15. Grindcobbe naye kanyongwa na wenzake. Watu wao wakawateremsha, wakawazika. Mfalme akaamuru wafukuliwe, watundikwe tena kwa minyororo, na waliolazimishwa kufanya kazi hiyo, kwa mikono yao, ni wenyeji walewale. Walsingham analisimulia hilo kama mtu aliyeshiba.

ZUHURA: Na yale magombo yaliyochomwa?

DEO: Yaliandikwa upya. Huko Essex kuna mahakama za makabaila ambazo gombo lake jipya linaanza kwa kueleza kwamba yaliyotangulia yalichomwa na waasi, halafu wapangaji wanaitwa mmoja mmoja waseme upya wanalima shamba lipi na kwa masharti gani.

ZUHURA: Wao ndio waseme? Wakati kumbukumbu zimeshakuwa majivu?

DEO: Mbele ya majirani, ndiyo.

ZUHURA: Hapo ningependa niwepo, nisikie nani kajipunguzia ekari za deni.