Timu ya Kiwanda: Râmnicu Vâlcea, Bucharest na Anayelipa Bili

MWANAIDI: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo soka tumeipa likizo. Tunazungumza mpira wa mikono, wanawake, Romania. Kaka Salum wiki nzima amenishika sikio na jina moja tu.

SALUM: Oltchim Râmnicu Vâlcea.

MWANAIDI: Hebu tuanzie hapo kwenye Oltchim. Nani huyo?

SALUM: Timu ilibeba jina la kiwanda, dada. Kiwanda cha kemikali kwenye mji wa Râmnicu Vâlcea, kando ya mto Olt. Kilikuwa kinatoa kostiki soda, malighafi ya plastiki za mabomba, vitu vya namna hiyo. Sasa mji ule si mkubwa. Ukitaja Romania mtu anakwambia Bucharest, labda Cluj. Lakini kwa mpira wa mikono wa wanawake, kwa miaka mingi njia zote zilikuwa zinaelekea Vâlcea. Ubingwa wa kwanza wa nchi ni 1989, na mpaka 2013 walikuwa nao 20.

MWANAIDI: Ishirini! Hapo wengine wanacheza kushika nafasi ya pili tu.

SALUM: Ndiyo hivyo. Na Ulaya nako walisikika. Mwaka 2007 walichukua Kombe la Washindi. Mwaka 2010 wakaingia fainali ya Ligi ya Mabingwa, ya mechi mbili, nyumbani na ugenini. Wadenmark wa Viborg wakawanyima kombe.

MWANAIDI: 2010 ndio mwaka wa Cristina Neagu, siyo?

SALUM: Huyo huyo. Binti wa Bucharest, alikuja Vâlcea 2009, mwaka uliofuata akatangazwa mchezaji bora wa dunia. Akiwa na umri wa miaka 22! Baadaye tuzo hiyo akaichukua tena 2015, 2016 na 2018. Mara nne. Alicheza beki wa kushoto. Na kwa msikilizaji anayetoka kwenye soka, beki huku hakai nyuma kulinda. Ndiye anayeruka juu ya ukuta wa walinzi na kupiga kutoka mita tisa.

MWANAIDI: Mimi ninachotaka kujua ni pesa. Wachezaji wakubwa hawaendi mji mdogo kwa sababu ya hewa safi.

SALUM: Pesa ilikuwa ya kiwanda. Na kiwanda mwenye hisa nyingi alikuwa serikali. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, maana madeni yalirundikana, serikali ikaamua kuuza hisa zake. Mnada ukafanyika Septemba 2012. Unajua nani alishinda?

MWANAIDI: Kampuni ya mafuta?

SALUM: Mwenye kituo cha televisheni! Dan Diaconescu, mtangazaji aliyekuwa ameanzisha na chama chake cha siasa. Akashinda mnada, malipo hayakuonekana. Halafu siku moja akatokea Wizara ya Uchumi na magunia ya noti, kamera zikiwaka, akisema hizo ni za kuwalipa wafanyakazi wa kiwanda.

MWANAIDI: Magunia?

SALUM: Magunia, kama anapeleka mahindi ghalani. Mauzo yakafutwa. Januari 2013 kiwanda kikaingia kwenye ufilisi.

MWANAIDI: Na wasichana uwanjani?

SALUM: Hii ndiyo inanishangaza mpaka leo. Msimu huohuo walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na Győr ya Hungaria, na ubingwa wa Romania wakaubeba. Kisha kikosi kikatawanyika. Neagu akaenda Budućnost ya Montenegro. Golikipa Paula Ungureanu akaenda Baia Mare, na Baia Mare ikawa bingwa 2014.

MWANAIDI: Huku kwetu tunaijua hiyo. Nani hajaona timu ya kiwanda cha sukari ikiyumba kiwanda kinapoyumba? Ila mimi siwalaumu waliotegemea kiwanda. Bila kiwanda, mji ule ungeona wapi fainali ya Ulaya?

SALUM: Sawa, lakini wangeweka hata wafadhili wawili watatu.

MWANAIDI: Wangewatoa wapi, Vâlcea? Kaka, usiongee kama mhasibu.

SALUM: Haya, nimekubali nusu. Tazama basi aliyechukua kiti: CSM București, klabu ya manispaa ya Bucharest. Msimu wao wa kwanza kabisa Ligi ya Mabingwa, Mei 2016, wanacheza fainali na Győr, tena Budapest, mbele ya mashabiki wa Hungaria. Kocha Mdenmark, Kim Rasmussen. Mpishi wa mashambulizi ni Msweden, Isabelle Gulldén. Dakika 60 hakuna mshindi, muda wa nyongeza hakuna mshindi. Ikaamuliwa kwa mipira ya mita saba, yaani penalti za huku, kombe likaenda Bucharest.

MWANAIDI: Kutoka kiwandani hadi kwenye kodi za wananchi.

SALUM: Eh, na bajeti ya manispaa inapitishwa na wanasiasa, uchaguzi ukija kila mtu roho juu. Sidhani ni salama kuliko kiwanda.

MWANAIDI: Na Neagu alirudi nyumbani?

SALUM: Alirudi 2017, akakaa CSM mpaka alipostaafu 2024. Mabao yake Ligi ya Mabingwa yamepita elfu moja. Kombe lenyewe, hata hivyo, alilichukua 2015 akiwa Budućnost. Na CSM hakuligusa.

MWANAIDI: Pole yake. Vâlcea je, walizikwa?

SALUM: Wapi! Waliibuka na jina jipya, SCM Râmnicu Vâlcea, na 2019 wakawa mabingwa tena. Safari hii bila kiwanda kwenye jina.

MWANAIDI: Na wiki ijayo?

SALUM: Rapid București. Timu yenye asili ya watu wa reli, ilipanda daraja na kuchukua ubingwa msimu wake wa kwanza huko juu, 2022. Hiyo nina maneno nayo mengi, hutanizuia.