Mkoa Mpya Hautakusomea Mapato na Matumizi

Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za mchana. Nimepewa mada ya mikoa na serikali za mitaa, na swali mlilokuja nalo nalijua: mkoa wetu utagawanywa lini? Kila ninapokwenda ni hilo hilo. Mwaka 2012 tulipata Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Sasa Bara tuna mikoa 26 na Zanzibar 5. Sibezi. Mtu wa Tunduma aliyekuwa akifuata saini Mbeya mjini anaijua nafuu ya kuishia Vwawa, makao makuu ya Songwe.

Lakini mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya anateuliwa. Mkurugenzi wa halmashauri naye anateuliwa. Hata ofisi ya mkoa ikijengwa nyuma ya nyumba yako, kura yako haimo humo. Diwani unamchagua, sawa, ila akishaingia kwenye baraza anasema kwa niaba yako. Kikao cha kisheria unachokaa wewe mwenyewe ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 inamtambua kila mkazi aliyefikisha miaka 18 kuwa mjumbe. Hualikwi pale, wewe ni mjumbe! Na mkutano huo ni wa kila miezi mitatu.

Walionisikia zamani wanakijua kisa hiki, wanivumilie. Nilihudhuria mkutano katika kijiji kimoja, chini ya mwembe. Mtendaji anasoma mapato na matumizi, haraka haraka, watu wanasinzia. Akafika kwenye vyoo vya shule: saruji mifuko 40. Mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni. "Mwanangu, rudia hapo." Akarudia. Mama akasema, "Maji ya kuchanganyia zege nilichota mimi. Mifuko mitupu niliiomba yote, nikazibia bafu langu la nje. Ipo 18." Wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Akamtuma binti yake nyumbani, na binti akarudi na mifuko kichwani, mingine bado ina kamba. Ikatandikwa chini, ikahesabiwa mbele ya wote: 18. Mkutano ukakataa kuipokea taarifa, mwenyekiti akaandika kwenye muhtasari, na mkutano uliofuata hesabu ikasomwa upya. Yule mama hakuwa mkaguzi. Alihudhuria tu, na alikuwa amebaki macho.

Mtaniambia watu wana mashamba, hawana muda. Jamani! Mazishini tunajaa, harusini tunajaa. Mtaniambia tena kwamba mwenyekiti haitishi mkutano. Hilo ni kweli mahali pengi, na linaniudhi kuliko yote, maana asipobanwa robo moja, robo ya pili anazoea. Mfuateni ofisini, ulizeni tarehe, na msiondoke bila kuipata.

Vijana mnaona haya mambo yamekuwapo tangu zamani. Hapana. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa, kwa jina zuri kabisa la Madaraka Mikoani, na maamuzi yakahamia kwa watumishi wa serikali. Sheria za kuzirudisha zilitungwa 1982, zikaanza kazi 1984. Leo serikali za mitaa zimo kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146.

Ardhi niiseme kwa kifupi, ingawa ilistahili siku nzima: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mgeni akija na ramani yake, idhini ni yenu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, tutaizungumza siku nyingine. Wenzetu wa Zanzibar na shehia zenu, mna sheria zenu, leo sizigusi.

Naonyeshwa saa. Kabla ya maswali, aliyehudhuria mkutano wa kijiji chake robo hii anyooshe mkono. Mmoja, wawili... wanne. Haya, tuanze na maswali ya hao wanne.