Anza na Ubavu: mazungumzo na madereva vijana wa safari, Arusha

Habari za asubuhi, na asanteni kwa kuja siku ambayo mngeweza kulala. Masika yameisha, barabara za hifadhini zinaanza kukauka, na wiki chache zijazo wengi wenu mtakuwa njiani karibu kila siku. Wakubwa zenu wameniomba nizungumze juu ya matairi ya A/T, haya tunayoambiwa ni ya njia zote: namna ya kuyachagua na namna ya kuishi nayo.

Nimeshinda sana kwenye maduka ya matairi hapa mjini, na kila mnunuzi hufanya jambo lile lile. Anachuchumaa, anapitisha kidole kwenye kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, anatikisa kichwa kwa kuridhika, anauliza bei. Ni mara chache sana nimeona mtu akishika ubavu wa tairi au akisoma kilichoandikwa pale. Na mimi nawaambia, kwa njia zetu hizi za kaskazini, tairi hufia ubavuni. Kashata huisha polepole na unaiona ikiisha. Ubavu huondoka kwa sekunde moja, pale ambapo hakuna fundi.

Nililipia somo hili kwenye njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaresero, kule Ziwa Natron. Mnayajua mawe ya kule, mawe ya volkano yenye makali kama chupa iliyovunjika. Nilikuwa na matairi mapya ya siku nne. Kashata zilikuwa nzuri kweli, na muuzaji alinihakikishia kwamba A/T inapita popote. Jiwe la kwanza lilifungua ubavu wa nyuma kushoto, tundu la kupitisha vidole vinne. Nikafunga tairi la akiba. Saa moja baadaye likaondoka la mbele, upande ule ule. Wageni wangu, mzee na mke wake, walikaa kwenye kivuli cha gari mpaka giza likaingia, maji yakiwa yamebaki kidogo. Yule mama hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilipofika nyumbani nilisoma ubavu wa yale matairi kwa mara ya kwanza. Yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya gari dogo la mjini, yakavalishwa kashata za porini.

Sasa tuelewe kwa nini ubavu ni dhaifu. Tairi la radial lina nyuzi zinazotoka ukingo mmoja wa rimu, zinapanda, zinavuka juu na kushuka mpaka ukingo wa pili. Chini ya kashata kuna mikanda ya waya wa chuma juu ya nyuzi hizo. Ubavuni hakuna mikanda ile: kuna nyuzi na mpira, basi. Ndiyo maana msumari kwenye kashata unazibwa na unaendelea na safari, lakini ubavu ukichanika hakuna kiraka cha kuaminika. Atakayekuambia anaweza kuuziba vizuri, mshukuru uende zako.

Kwa hiyo mkiwa dukani, tafuteni herufi LT mwanzoni mwa saizi, kwa mfano LT235/85R16. Hiyo ni alama ya tairi la gari la mizigo. Halafu tafuteni 10PR, au herufi E kwenye daraja la mzigo, maana yake ni ile ile. Kumi hiyo haimaanishi kuna tabaka kumi ndani. Zamani nyuzi zilikuwa za pamba na tabaka zilihesabiwa kweli. Leo ni kipimo cha nguvu tu. Msione aibu kumwuliza muuzaji ubavu una tabaka ngapi. Mara nyingi jibu limeandikwa pale pale, kwa maandishi madogo.

Kisha kuna namba ya uzito, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Chukueni Land Cruiser iliyorefushwa: abiria saba, mabegi, friji, maji, matangi ya mafuta yamejaa. Tuseme jumla ni kilo 3,500, na ekseli ya nyuma inabeba 2,100. Kila tairi la nyuma lina kilo 1,050. Tairi lenye namba 112 linaruhusiwa kilo 1,120, kwa hiyo umebakiza kilo 70. Gari likiinama kwenye korongo, uzito wote ukahamia upande mmoja, hizo 70 hazipo tena. Lenye namba 120 linaruhusiwa kilo 1,400. Kwa macho yanafanana kabisa.

Nirudi kwenye kashata, maana sitaki mtoke hapa mkidhani hazina kazi. Kutoka hapa mjini mpaka Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, tuna lami zaidi ya kilomita 150 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Tairi la matope, lile M/T lenye meno makubwa na mapengo mapana, kwenye lami linanguruma, linalika haraka, na mvua ikinyesha pale kwenye mteremko wa Mto wa Mbu linagusa barabara kwa mpira mchache. A/T ina mpira mwingi unaokanyaga, na ule mkato mwembamba kwenye kila jino unashika lami iliyolowa. Kwa hesabu ya kilomita zetu, A/T ndiyo jibu.

Lakini kuna mahali itawaangusha, na ni haki mjue mapema. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa magharibi mwa Serengeti kuelekea Grumeti, ukilowa unaziba mapengo ya kashata yote. Tairi linageuka mpira mviringo uliopakwa udongo. M/T inajisafisha kiasi inapozunguka, A/T haijisafishi. Pale dawa ni kusubiri jua kwa saa mbili hivi, au kuzunguka njia nyingine. Mgeni anaweza kukasirika. Mwelezeni kwa upole, wala msiingie.

Mtaona pia alama ya mlima wenye kipande cha theluji ndani yake. Inathibitisha kwamba tairi limejaribiwa kwenye theluji. Juu ya mawe ya Natron haisemi lolote, msiilipie.

Sasa upepo, na hapa nitakaa. Tairi hilo hilo moja linaweza kuwa matairi matatu tofauti kwa kubadilisha upepo tu. Anzeni na kibandiko cha mlangoni, pimeni asubuhi likiwa baridi. Tuseme nyuma mnabeba 45 kwenye geji, kwa kipimo cha PSI, mkiwa na mzigo kamili. Mkiacha lami na kuingia kwenye ile njia ya migongo kama bati kuelekea Naabi, lango la Serengeti, mimi nashusha mpaka 35. Tairi linameza mtikisiko, shokapu hazichemki, na skrubu za gari hazifunguki. Kwenye mchanga mzito nashuka mpaka 20, na hapo sizidi kilomita 30 kwa saa. Watu hudhani tairi linapanuka kwenda pembeni. Linapanuka kidogo tu. Kinachorefuka ni alama yake ardhini, na urefu huo ndio unaobeba gari juu ya mchanga.

Kwenye mawe makali kuna mtego. Ukishusha upepo kidogo, kashata inajikunja juu ya jiwe badala ya kupigana nalo, na hilo ni jema. Ukishusha sana, ubavu unatokeza nje na kujipeleka wenyewe kwenye makali. Kwa hiyo mawe: shusha kidogo, punguza mwendo sana, na gurudumu likanyage jiwe kwa katikati, lisilipite kwa pembeni.

Kosa linaloua matairi mengi zaidi hutokea jioni. Dereva anatoka hifadhini, amechoka, wageni wanataka kuoga, anaingia lami akiwa bado na 30 na gari limejaa. Kwa mwendo wa 80 ubavu unakunjika na kunyooka kila mzunguko, unazalisha joto, mpira unaanza kuachana na nyuzi. Huoni chochote. Tairi hilo litapasuka wiki ijayo, na utalilaumu jiwe. Kompresa ndogo ya kuunganisha kwenye betri ni bei nafuu kuliko tairi moja. Simameni langoni, jazeni, dakika ishirini.

Na msishangae geji ikibadilika. Alfajiri pale ukingoni mwa Ngorongoro, mita zaidi ya 2,000 juu, kuna baridi ya kukata. Mchana Mto wa Mbu ni joto. Tofauti ya nyuzi 10 pekee inapandisha kama 2 kwenye geji, na mwendo unaongeza nyingine. Msipunguze upepo uliopanda kwa joto, mtajikuta chini kesho asubuhi.

Juu ya mitumba nitasema machache. Wazee hapa wanakumbuka General Tyre, kiwanda kilichotengeneza matairi mji huu huu. Kilipofungwa tulibaki kutegemea yanayotoka nje, na mengine yanakuja yakiwa yamezeeka. Tafuteni ubavuni namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata inaweza kuwa nene na mpira ukawa umekauka. Kunjeni ubavu kidogo mtazame nyufa. Hilo linahusu pia tairi la akiba linaloning'inia mlangoni mwaka mzima juani. Liingizeni kwenye zamu, zungusheni yote matano kila kilomita 10,000 hivi, ili lisizeeke bila kufanya kazi.

Dada pale mbele ananiuliza kama apandishe saizi ya Prado yake, kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17. Swali zuri. Tairi linakua kutoka milimita 776 mpaka 803, lakini gari linapanda nusu ya hiyo tu, yaani milimita 13. Spidi ikisoma 80 utakuwa unakwenda karibu 83. Unapata ubavu mrefu zaidi wa kunyonya mtikisiko, na saizi hiyo mara nyingi hupatikana kwa LT. Kwa sababu hiyo ya pili ningepandisha, baada ya kuhakikisha usukani ukikatwa mpaka mwisho tairi haligusi popote.

Nje pale kuna magari manne. Nimeleta geji tatu. Kila mmoja achague gurudumu, asome ubavu kwa sauti, apime upepo, kisha aniambie kama angelipeleka Natron kesho. Tuanze na lile la kijani.