Mbwa Alelewe Zizini, Si Mlangoni

Assalamu alaykum. Hamjambo wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma.

Mimi nafuga mbuzi Mwakirunge, Mombasa, si mbali na jaa la taka. Alfajiri moja nilitoka na tochi nikakuta mbuzi 3 wamelala nje ya zizi, shingo zimechanika, na hawajaliwa hata pande la nyama. Fisi angekula. Wale walikuwa mbwa koko wa jaani, wanaokimbiza kwa kuwa kitu kinakimbia. Wa 4, mwenye mimba, alikufa siku ya pili yake. Jirani akanishauri nitege sumu. Nilikataa, kwa sababu sumu haichagui: itaua kuku wake, paka wangu, na Mungu apishe mbali, mtoto wa mtu. Nikaamua kutafuta mbwa wa kulinda.

Najua kuna mtu hapa moyo wake umeshasita, na ana haki. Sisi wengi ni Mashafii, na kwetu mbwa ni najisi. Lakini hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayosema afugaye mbwa hupungukiwa thawabu kila siku, imewatoa mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Mashekhe watawaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nawaambia ninavyofanya tu: mbwa wangu haingii nyumbani, chombo chake hakichanganywi na chochote, na kando ya zizi pana ndoo ya udongo safi na jerikeni ya maji. Akinilamba, naosha mara 7, moja kwa udongo. Nguo za zizini siendi nazo msikitini.

Sasa, mbwa gani? Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Mtu husikia German Shepherd ni mbwa wa wachungaji, anamnunua ghali, anamfunga mnyororo mlangoni, kisha anashangaa mbuzi wanamkimbia. Mbwa wa kuswaga na mbwa wa kulinda ni kazi mbili. Anayeswaga huwakodolea macho mbuzi na kuwafukuza waende. Anayelinda hulala katikati yao kama mmoja wao, na akisikia kitu husimama baina yao na hicho kitu na kubweka. Mara nyingi kubweka kunatosha.

Namibia, tangu 1994, shirika la kuhifadhi duma liitwalo Cheetah Conservation Fund limekuwa likizalisha mbwa wakubwa wa asili ya Uturuki na kuwapa wafugaji, ili mbuzi wapone na duma nao wasipigwe risasi. Ni mbwa hodari. Lakini manyoya yale katika joto letu la Februari! Nchini Botswana wafugaji wanatumia mbwa wao wa kienyeji, na wanafanya kazi nzuri. Mwaka 1833 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliwaona wa Uruguay wakilinda kondoo bila mtu karibu, akaeleza siri yake: kilebu, yaani mtoto wa mbwa, alitengwa na mamake akiwa mdogo, akanyonyeshwa na kondoo, akalazwa juu ya sufi ndani ya zizi. Sisemi umnyonyeshe kwa mbuzi. Nasema malezi yana uzito mkubwa, na malezi hayo yana muda wake.

Muda wenyewe ni mfupi mno. Kilebu hufungua macho akikaribia wiki 2. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12, wengine hadi ya 16, kichwa chake kinaandika jamaa zake ni nani. Atakaowanusa na kulala nao wakati huo ndio wake maisha. Ukimlea sebuleni na watoto, atawapenda watoto, na mbuzi watakuwa kitu cha kukimbiza. Kwa hiyo jike wangu huzalia kwenye pembe ya zizi, nyuma ya uzio wa fito, na vilebu hukua wakisikia mbuzi wakicheua. Wakifika wiki 8 nawaingiza kwa mbuzi wapole. Naacha kitundu cha kupenya akibanwa, na anakula upande ambao mbuzi hawafiki. Namshika kila siku ili akubali kamba na sindano, lakini sichezi naye.

Halafu huja miezi ya utundu, kama wa 6 hadi mwaka. Atafukuza vibuzi, atang'ata masikio. Wengi humtupa hapo, na mimi karibu nimtupe wangu. Usimwache peke yake na wachanga. Mfunge shingoni kigogo chepesi kinachomgonga miguu akikimbia, mweke na beberu asiyependa upuuzi. Beberu wangu alimfundisha kwa wiki moja kile nilichoshindwa kwa mwezi. Usimwamini kikamilifu kabla ya mwaka na nusu au miwili.

Kuzalisha, subirini jike atimize miaka 2, na mchague kwa tabia yake zizini. Mimba ni siku 63 hivi. Akipata joto, yaani akitaka dume, mfungie ndani wiki 3 nzima, la sivyo umewaita mbwa wote wa jaani mlangoni kwako, wale wale unaowakimbia. Usiyetaka azae, mhasi.

Na maradhi. Chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi 3, kisha kila mwaka, bila kukosa. Ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Jingine halisemwi sana: mbuzi anayezunguka zunguka kichwa upande huenda ana kizunguzungu, na chanzo ni tegu anayetoka kwa mbwa. Mbwa hula ubongo mbichi wenye vifuko vya tegu, kisha huyaacha mayai kwenye majani. Basi Idi ya kuchinja msimrushie vichwa vibichi. Chemsha au zika. Muulizeni daktari wa mifugo dawa yenye prazikwanteli, maana si kila dawa ya minyoo inaua tegu.

Jike wangu amebakiza wiki 2 azae. Kuna waliokwisha niomba. Simuuzii mtu kilebu kabla sijaenda kuliona zizi lake, na nikikuta mnyororo umefungwa mlangoni, nitarudi naye.